KOSA LISILO NA MKOSAJI

Leo sina hadithi. Nina swali, na nimelibeba muda mrefu mpaka nimechoka nalo. Je, kosa linaweza kutokea bila kuwepo mkosaji? Usikimbilie kujibu, rafiki. Mimi nilikimbilia. Tena sikujibu kwa mdomo, nilijibu kwa kunyamaza, na jibu lile lilimhamisha mtu nyumbani kwake.

Nianze mwanzo. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akiishi Tandika katika nyumba ya vyumba sita ya wapangaji. Mimi nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale ya kutosemwa mbele za watu, yeye ndiye aliyenipokea. Alinipa godoro, akaninunulia kaunta buku mbili nilipomwambia nataka kuandika riwaya. Hakucheka. Alisema tu, "Haya, baba, andika. Lakini maji uchote." Aliniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

Kisha akaanza kuugua. Damu ilimtoka siku zisizo zake, akaficha. Maumivu ya kiuno yakaja, akayaita uchovu. Alipokwenda hospitali akaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na imeshatoka pale ilipoanzia. Akapelekwa Ocean Road kwa matibabu ya mionzi.

Jumapili moja ukoo ukakutana. Ilikuwa haikusemwa ni kikao cha nini, ila sote tulijua. Kwenye chumba cha uani alikuwa akikaa mama mmoja mtu mzima, mjane, mkaanga samaki. Macho yake yalikuwa mekundu. Nani asiyekuwa na macho mekundu akiinamia moshi wa kuni miaka ishirini? Lakini siku ile macho yale yakawa ushahidi. Mmoja akasema yule mama aliwahi kumpa shangazi samaki wa bure. Wa pili akasema samaki yule alikuwa na harufu. Wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa hata hayupo Dar es Salaam, akasema ndani ya samaki kulikuwa na kitu kimefungwa kwa uzi mweusi. Mpaka chai inaletwa, samaki wa zawadi alikuwa amekwisha kuwa irizi.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka. Nilikuwa nimesoma baiolojia miaka minne. Nilipata D, sawa, lakini D yangu ilinitosha kujua kwamba saratani hailetwi na samaki. Nilikohoa. Nikanywa chai. Wiki haikuisha yule mama akapakia vyombo vyake kwenye mkokoteni, akaondoka. Hakumuaga mtu. Shangazi alifariki miezi minane baadaye.

Baada ya arobaini nilianza kusoma. Rafiki yangu mmoja yuko chuo cha uuguzi, akaniazima vitabu, na palipokuwa pagumu akanieleza. Nilichokikuta humo ndicho kilichonifanya niandike makala haya, maana nilitegemea kukuta habari za ugonjwa, nikakuta habari za kunakili.

Sisi tuliosoma shule za kata tunajua kunakili. Kitabu kimoja darasa zima. Unaazima daftari la mwenzako, naye alinakili kwa mwenzake, unakaa na kibatari saa sita usiku, macho yanafumba, unaruka mstari. Kidato cha tatu mmoja wetu aliruka neno "si" katika sentensi moja ya historia. Kwenye mtihani watu kumi na moja tuliandika uongo uleule kwa kujiamini kabisa. Nani alikosea? Yule wa kwanza alikuwa amesinzia. Sisi wengine tulinakili kwa uaminifu kile tulichokikuta.

Mwili nao unaishi kwa kunakili. Kila seli ina maandishi yake, DNA, ambayo ukiyanyoosha yanafika karibu mita mbili. Herufi zake ni za aina nne tu, lakini idadi yake ni kama bilioni sita. Nilipiga hesabu ya kimwandishi: ukizichapa herufi hizo kwenye riwaya za kurasa 300, kila ukurasa herufi 2,000, utapata riwaya elfu kumi. Kabla seli haijagawanyika kuwa mbili, lazima riwaya zote hizo elfu kumi zinakiliwe, ili kila mtoto apate nakala kamili. Kazi hiyo huchukua takriban saa nane. Nami nina miaka mitatu na sijamaliza moja!

Wanaofanya kazi hiyo ni protini. Kuna inayofungua nyuzi mbili za DNA kama mtu anavyofungua zipu, inaitwa helikasi. Kuna inayofuata nyuma yake ikisoma herufi na kuweka mwenzake, inaitwa polimerasi. Arthur Kornberg wa Marekani aliigundua ya kwanza katika bakteria miaka ya 1950, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Lakini zilizonivutia zaidi ni zile zinazotoa ruhusa. Mwaka 1988 Julian Blow na Ron Laskey kule Uingereza, wakichunguza mayai ya chura, walisema lazima kuna kitu kama leseni. Baadaye leseni hiyo ikafahamika: ni kundi la protini sita, MCM, ambalo hufungwa kwenye DNA kabla ya kunakili kuanza. Ruhusa hutolewa mara moja tu kwa kila mgawanyiko. Mashine ikishapita mahali, leseni ya pale imekwisha, na protini nyingine iitwayo geminini huzuia isitolewe nyingine mpaka seli igawanyike. Ni kama tiketi ya daladala iliyokwisha kuchanwa: huwezi kupandia tena. Pasipo ulinzi huo sehemu moja ingenakiliwa mara mbili, mara tatu, na kitabu kingekuwa vurugu.

Je, wanaonakili hawakosei? Wanakosea, bwana! Polimerasi peke yake hukosea kama herufi moja katika kila laki moja. Kwa riwaya elfu kumi hayo ni makosa sitini elfu kila mara. Ila polimerasi hujisoma yenyewe: ikihisi herufi haikukaa vizuri, hurudi nyuma, huikata, huweka nyingine. Makosa yanashuka kufika kama mia sita. Kisha wanapita wahakiki, protini za kurekebisha herufi zisizolingana, ambazo hukagua kazi iliyokwisha fanyika. Mmoja wa walioeleza kazi ya wahakiki hao, Paul Modrich, aligawana Nobel ya mwaka 2015 na Tomas Lindahl na Aziz Sancar. Wakishapita, makosa yanayobaki pengine hayafiki kumi. Riwaya elfu kumi, makosa chini ya kumi! Mhariri gani wa mjini atafanya hivyo?

Na juu ya wahakiki yupo mlinzi, protini iitwayo p53. Kitabu kikiharibika vibaya, yeye husimamisha mgawanyiko mpaka kitengenezwe. Kikishindikana kutengenezwa, huiamuru seli ijiue kwa faida ya wengine. Sisi tuna jeni moja la mlinzi huyu kutoka kwa kila mzazi. Mwaka 2015 wanasayansi walieleza kwamba tembo ana takriban ishirini, na huenda ndiyo moja ya sababu mnyama mkubwa vile, mwenye seli nyingi vile, hapati saratani sana.

Sasa turudi kwa shangazi. Saratani ya shingo ya kizazi karibu yote huanzia kwa kirusi kinachoitwa papiloma. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha hivyo. Kirusi hiki ni maskini, hakina mitambo ya kutosha ya kujinakili. Kinahitaji polimerasi za seli, lakini kinaweza kukuta seli imepumzika, mitambo imezimwa, leseni hakuna. Basi kinafanya ujanja. Protini yake moja, E7, humshika mlinzi wa lango aitwaye Rb, lango likabaki wazi na kunakili kukaanza pasipo sababu. Nyingine, E6, humpeleka p53 akaharibiwe. Fikiria kiwanda cha kuchapa kinachofanya kazi usiku na mchana, mlinzi wa mlango amefungwa kamba, mkaguzi ameuawa. Makosa yanaingia, nayo yananakiliwa kwa uaminifu uleule, kama sisi kumi na moja na neno letu "si". Madaktari wa maabara wakitaka kujua kama kipande cha nyama kutoka shingo ya kizazi kina hatari, wanaweza kutafuta zile protini za MCM. Mahali ambapo seli zilipaswa kuwa zimetulia, wakikuta leseni zimejaa, wanajua mambo yameharibika.

Nilipofika hapo nikasema: aha, mkosaji ni kirusi! Nikafurahi, maana mwandishi anapenda adui. Furaha haikudumu. Kirusi hakina nia. Hakimjui shangazi. Ni maandishi machache yanayotaka kunakiliwa, na hata neno "yanayotaka" nimelitia mimi.

Kuna mfano wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951 huko Baltimore kwa saratani hii hii, akiwa na miaka 31. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila kuulizwa, zikawekwa kwenye chupa, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Ndani yake kuna kirusi cha papiloma. Mwenyewe amezikwa zaidi ya miaka sabini, hakuna tena wa kuua, nazo bado zinanakili. Hizo seli hazina uchungu na mtu. Lakini waliozichukua bila kuuliza walikuwa watu, walikuwa na masikio na midomo. Hapo nikaanza kuona kwamba nilikuwa nimechanganya vitu viwili, kosa na hatia.

Wapo watakaosema: mkosaji ni shangazi mwenyewe, kirusi hiki si huambukizwa kwa kujamiiana? Nimesikia hayo yakinong'onwa hata msibani. Jamani! Watu walio wengi wanaojamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, na miili mingi hukifukuza katika mwaka mmoja au miwili. Mwanamke aliyemjua mume mmoja tu anaweza kukipata kwa mume huyo, na mume asijue kwamba anacho. Tena toka kirusi kuingia mpaka saratani kuonekana kwa kawaida hupita miaka kumi na mitano hata ishirini. Unataka kumhukumu nani, kwa jambo la usiku upi?

Na kwa nini yeye na si jirani yake aliyekuwa na kirusi hicho hicho? Hapo inaingia bahati. Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Marekani waliandika kwamba tofauti kubwa ya hatari ya saratani kati ya kiungo kimoja na kingine inaelezwa na idadi ya mara ambazo seli zake za asili hugawanyika. Wengine wakatangaza kwamba theluthi mbili za saratani zote ni bahati mbaya tu. Wenyewe hawakusema hivyo. Lakini jambo moja limebaki: hata ukiishi vizuri namna gani, kunakili peke yake kuna makosa yake. Na tukitaka kunakili kusiko na kosa hata moja, tukumbuke kwamba kama kusingekuwa na kosa tangu uhai uanze, leo dunia ingekuwa na vijidudu vya aina moja tu. Kosa lile linalomuua shangazi ni ndugu wa kosa lililotufanya tuwe watu. Sisemi hivi kwa kufariji. Halifariji.

Nilimweleza haya rafiki yangu kijiweni, yeye hanyamazi jambo likimkera. Akanikata: "Mshikaji, unawaachia wote! Kama kosa halina mwenyewe, basi kesho mla rushwa naye atasema ni jeni, mwenye gari akigonga mtoto atasema ni bahati. Hiyo falsafa ya watu waoga."

Neno "waoga" lilinichoma kwa sababu nilijua limempata nani. Nilimjibu baada ya siku tatu, na jibu langu ndilo hili. Kosa ni jambo lililokwenda kombo. Hatia ni ya mtu. Ili nikutie hatiani, lazima niulize matatu: ulijua? uliweza? na hukufanya? Polimerasi haijui kitu. Kirusi hakijui. Shangazi hakujua. Mkaanga samaki hakuwa na la kujua wala la kuweza. Hao wote niachie, nao ni wengi. Lakini mla rushwa alijua na aliweza. Dereva aliyelewa alijua kwamba amelewa.

Na mimi? Nilisema nitasema ukweli, basi nauongeza wote. Mwaka mmoja kabla shangazi hajaanza kutoka damu, lilipita mtaani gari la matangazo. Lilikuwa linawaita kina mama wakapimwe shingo ya kizazi bure. Shangazi alikuwa anachambua mchele, akaniuliza, "Baba, hicho kipimo ni cha nini hasa?" Mimi kijana wa kiume nikaona aibu. Nikasema, "Mambo ya kina mama hayo, shangazi, waulize wenzako." Nikarudi kwenye kaunta buku yangu. Siku hizi najua kipimo chenyewe kilivyo rahisi: mhudumu hupaka siki kidogo, anangoja dakika moja hivi, akiona pamegeuka peupe anajua hapo pana seli za kuangaliwa, na mara nyingi panaweza kutibiwa siku ile ile, kabla hapajawa saratani.

Sijui kama angekwenda. Sijui kama wangeona kitu. Lakini maswali yangu matatu nikijiuliza mwenyewe: nilijua? Kidogo, na cha kutosha kusema nenda. Niliweza? Ndiyo. Nilifanya? Nilirudi kuandika. Na kwenye mkeka pale, nilijua zaidi na niliweza zaidi, nikanywa chai.

Hivi ndivyo ninavyoliona sasa. Seli haikutengenezwa ili isikosee. Ilitengenezwa ikosee kidogo, kisha ikaguliwe, na anayekagua asiogope kusimamisha kazi. Ukoo wetu siku ile ulinakili uvumi: samaki, harufu, uzi mweusi, irizi. Kila mmoja aliongeza herufi yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu, nawaapia, walikuwa watu wanaompenda mgonjwa wao na hawana la kufanya. Aliyekosekana ni mtu wa kusema simameni, rudini nyuma, hapa pamekosewa. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, na nadhani katika kila kikao kama kile alikuwepo kijana mmoja aliyesoma, anakohoa.

Hata leo unanakiliwa uvumi mwingine. Tanzania ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 chanjo ya kirusi hiki nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Bado utasikia eti inafunga kizazi. Si kweli. Anayekuambia hivyo huenda hana hatia, amenakili tu. Lakini wewe uliyesoma sentensi hii sasa unajua. Umeshaingia kwenye yale maswali matatu, pole.

Riwaya yangu nimeisimamisha sura ya tisa. Ndani yake kulikuwa na kikongwe mchawi, mwenye macho mekundu. Nilikuwa nimemwandika kabla ya haya yote, nikimwona mhusika mzuri sana, wa kutisha. Sasa kila nikimsoma naona mkokoteni. Sijui kama hadithi inaweza kusimama bila adui. Wenzangu mnaoandika, nisaidieni hapo.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mama. Anakaanga samaki Mbagala, si mbali na stendi. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia kwamba nilikuwepo siku ile na nilijua si yeye, na sikusema. Aliendelea kugeuza samaki. Kisha akauliza, "Wenzako wanajua kama umekuja?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi najijua kwamba sikumloga mtu, mwanangu, huna haja ya kuniambia mimi. Kawaambie wao."

Nimewaandikia hapa kwa majina yasiyotajwa, lakini watajijua. Jumapili ijayo tuna kikao cha kuchangia harusi, wote watakuwepo. Nitawaambia kwa mdomo. Ninyi wasomaji, niandikieni kupitia kwa mhariri kama mnaona kosa linaweza kukosa mkosaji, na kama maswali yangu matatu yanatosha au yamepungua.